Kibali na Alama Nyekundu

Katika mji wetu huu mdogo wa pwani, ambao majuzi umetunukiwa cheo cha jiji na bado haujazoea kukivaa, nilikusudia, kwa tawfiki ya Mola, kumjengea mama mkwe chumba kimoja uani. Nami, kwa kuwa nimelelewa kuheshimu sheria, na hiyo ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ni sheria kama nyingine, nikabeba hati ya kiwanja, risiti na michoro, nikaenda kuomba kibali cha ujenzi.

Nilipokewa kwa taadhima. Karani akanieleza ya kuwa jalada langu sharti lipite kwa afisa mipango miji, kisha kwa afisa afya, kisha kwa mhandisi, nao wote watatu, kwa kudura, wamo semina; akaniambia, “Rudi Jumatatu, mzee wangu,” pasi na kutaja Jumatatu ya mwezi gani. Chai nilimnunulia kwa mapenzi yangu, asije mtu akadhani vinginevyo.

Miezi saba ikapita. Mama mkwe, ambaye subira si katika silika zake, akamwita fundi, wakapanga kozi tatu za matofali asubuhi. Na kabla ya adhuhuri ofisi ile ile, iliyokuwa ikidai haina gari, wino wala wataalamu, ikawasili kwa ujumla wake, ikauchora ukuta alama ya X nyekundu, iliyonyooka, bila ya fomu, bila ya ada. Nikamshika karani mkono, nikamwuliza kama jalada langu nalo haliwezi kupakwa rangi.