Sifa za Spea Zisizouzika

Malenga wamesifu dhahabu, lulu na macho ya kurembua. Hakuna aliyesifu kinachobaki Subaru Impreza STI ikishanoki injini, turbo ikauzwa, giaboksi ikauzwa, na mwenye gari akaachiwa karai la vyuma chini ya kitanda. Leo vyuma hivyo vipate haki yake.

Kwanza, nasaba. Hivi ni vya ukoo wa EJ20, injini ya sentimita za ujazo 1994 iliyoanza na Subaru Legacy mwaka 1989, silinda zake nne zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Ni ukoo uliompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997, humu humu Kenya. Anayehifadhi kava ya mkanda wa taimingi amehifadhi kipande cha historia, ijapokuwa historia yenyewe inadondosha oili kwenye zulia.

Pili, hekima. Tangaza unauza, uone watakavyokufunza watu. Wa kwanza atauliza bei ya mwisho kabla hajasikia ya kwanza. Wa pili ataomba picha zaidi. Utapiga hadi nati ya mwisho, kisha ataitikia kwamba yeye ana Toyota. Wa tatu ataahidi kuja jioni, bila kutaja ya mwaka gani. Wa nne atataka nusu ya bloku, ya kushoto tu. Utamweleza kwa upole kwamba kweli bloku hii ina pande mbili, lakini nafasi za beringi za krankishafti zilichongwa pande hizo zikiwa zimefungwa pamoja, kwa hiyo haziuzwi mojamoja. Atafikiri kidogo, halafu aseme, "Sawa boss, basi nipe zote kwa nusu bei." Chuo gani kinafundisha haya bila karo?

Tatu, adabu. Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe. Hawa hukaa miaka, hawaombi chai, na wanamkinga mwenye nyumba na ubadhirifu, maana sebule iliyojaa manifoldi haina pa kuweka sofa mpya.

Wapo wasiojua thamani, watakaosema, "Peleka kwa skrepa vipimwe kwa kilo." Hao hawajajiuliza kwa nini vimebaki. Turbo iliondoka siku ya kwanza kwa sababu turbo hufa. Krankishafti ilipiganiwa kwa sababu beringi zikikosa oili huliwa, na krankishafti ikaliwa nazo. Pistoni zinatafutwa kwa sababu hupasuka kwenye mifereji ya ringi. Lakini nani amewahi kukimbia Kirinyaga Road, jasho likimtoka, kutafuta braketi ya alteneta? Aliyofungiwa kiwandani bado anayo, nzima. Soko hulipia udhaifu. Uimara hauna mnunuzi. Karai lile chini ya kitanda, basi, ndilo orodha ya kila kitu ambacho Subaru ilikitengeneza sawasawa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye Impreza, nunua. Vyuma hivi hutavihitaji kamwe, na hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo spea inaweza kupewa. Braketi zipo, kava zipo, bei inazungumzika. Bloku nauza nzima.