Gurudumu Halistaafu Tarime

Tarime hakuna gurudumu lililostaafu. Tairi likichoka kwenye lori huhamia kwenye trela la trekta. Likichoka huko hufungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Na hata mkokoteni ukilikataa, hukatwa makatambuga. Rimu ya baiskeli iliyopinda hupewa mtoto aisukume kwa kijiti. Ndiyo maana mtu akitangaza kuwa anatafuta magurudumu mawili yanayolingana, na kwamba hayaendi popote bali yatazunguka palepale yalipofungwa, watu huanza kuulizana kama ndugu zake wana habari.

Wanaotafuta tulikuwa mimi na shemeji yangu wa Mugumu. Tulitaka kuunda msumeno wa mkanda wa kupasulia mbao, wa kukokotwa hadi shambani kwa mtu. Kilichotusukuma ni hesabu. Huku milimani mikaratusi imesimama kwenye mipaka ya mashamba, na wengi huipasua kwa chenisoo. Mnyororo wa chenisoo hula kama milimita nane kila unapopita. Upitishe mara tatu, ubao mzima wa inchi moja umegeuka unga wa mbao. Bledi ya msumeno wa mkanda hula kama milimita mbili tu. Shemeji alipomaliza kujumlisha unga wote uliomwagika Tarime na Serengeti tangu azaliwe, alikaribia kulia.

Mashine yenyewe haina siri. Bledi ni duara la chuma lenye meno, limepitishwa juu ya magurudumu mawili. Injini inazungusha moja, la pili linafuata. Injini tulikuwa nayo, ya Kichina, silinda moja, iliyowahi kuzungusha karasha la kuvunja mawe ya dhahabu huko Nyamongo. Fremu fundi aliichomelea kwa vyuma chakavu. Bledi zilikuja na basi kutoka Nairobi, zimekunjwa na kufungwa kwa waya. Pale stendi ya Sirari mpagazi mmoja mdadisi akaukata waya ili aone ni mzigo gani. Bledi iliyokunjwa haijasahau ukubwa wake. Ilifunguka kwa kishindo, na abiria waliokuwa wakigombania siti za mbele wakagundua kuwa za nyuma pia ni nzuri.

Yalibaki magurudumu. Hapo kila mtu alikuwa na pendekezo, na kila pendekezo lilihusu gurudumu la mtu mwingine.

"Chukueni ya bodaboda, mura," alisema baba mdogo, ambaye hajawahi kumiliki pikipiki. Tukayachukua. Sasa, bledi yenye upana wa milimita 32 na unene wa milimita moja lazima ivutwe sana ndipo isiyumbe ndani ya gogo, na mvuto huo hulielemea gurudumu kwa karibu tani moja. Gurudumu la bodaboda limezoea abiria watatu na gunia la mkaa, lakini hao huketi juu yake. Hawalivuti wakakazana. Fundi alipopiga jeki ya kukazia, spoku zikaanza kulia mojamoja, kisha rimu ikakunjika kama chapati. Mwenye pikipiki alikuwa pembeni. Alituuliza kwa upole kama na la pili tutalilipa, maana halina tena mwenzake.

Mtu akaleta ya bajaji. Hayo ni magumu, ila ni madogo mno, na bledi haipendi kona kali. Kila mzunguko huikunja na kuinyoosha, na kadiri gurudumu linavyokuwa dogo ndivyo inavyochoka mapema na kukatika, hasa pale kwenye kiungo. Ugonjwa huu ni wa zamani. William Newberry wa London alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1808, lakini hakukuwa na bledi ya kustahimili kukunjwa huko, hadi Mfaransa Anne Paulin Crépin alipopata njia ya kuunga ncha zake mwaka 1846. Kwa miaka 38 wazungu walikuwa na msumeno, hawana bledi. Sisi tulikuwa na bledi, hatuna msumeno. Tungezaliwa wakati mmoja tungeelewana.

Shemeji akasema dawa ni ukubwa. Mugumu kuna gereji za magari yanayopeleka watalii Serengeti kupitia lango la Ikoma, naye akapata mawili ya inchi 16, yale yanayokaribia sentimita 80 kwenda juu. Akayapandisha juu ya basi. Njia nzima hadi Nyamongo abiria walimpa pole na kumuuliza gari limekwama wapi. Mwanzo alieleza habari za bledi na mikaratusi. Walipozidi kumshangaa akachoka, akasema limekwama mtoni, na kuanzia hapo akawa mtu anayeeleweka. Alipofika tukapima. Bledi ilikuwa imeshaungwa kiwandani, mita nne kamili. Ili ienee kwenye matairi yale, ilibidi tairi moja liingie ndani ya lingine. Baba mdogo alizunguka mashine, akayasukumia yale matairi chini ya fremu, akasema, "Si mlisema itatembea?" Tukawa na msumeno wenye miguu ya kwendea mbugani, bila kitu cha kukatia.

Mwokozi wetu alikuwa dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, wa kwenda Sirari. Alituazima matairi mawili ya inchi 13, la akiba na lingine alilokuwa nalo nyumbani, pamoja na jeki. Wazee waliowahi kuendesha mashine za kusaga za mkanda bapa walituambia kwa nini tairi lingefaa: mkanda unaozunguka hupanda mahali palipoinuka, ndiyo maana puli zao zilinenepa katikati. Tairi lililojaa upepo huinuka hivyohivyo. Bahati mbaya haya yetu yalikuwa yameliwa upande mmoja. Bledi ikatafuta palipoinuka, ikapakuta pembeni kabisa, ikaaga. Ilipita kwenye migomba ya mama mdogo na kuangusha mkungu ambao haukuwa umekomaa. Bei tuliyoulipia ni ya mkungu uliokomaa, pamoja na matumaini yake. Fundi akachomelea kinga ya pipa, dereva akatubadilishia matairi, tukayapima balansi.

Balansi si urembo, maana bledi hutakiwa kukimbia kama mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Nilipomtajia dereva hesabu hiyo, uso ulimng'aa. "Tisini? Hiyo si ndiyo spidi yangu?" Akaketi kwenye gogo, akalitazama tairi lake likikata tisini mchana kutwa bila trafiki hata mmoja kulisimamisha, akatingisha kichwa kwa wivu.

Mbao zinatoka, zimenyooka, na unga ni kidogo. Lakini matairi ni ya kuazima. Mchomoko ukipata pancha, dereva hupiga simu, nasi hulegeza bledi, hufungua tairi, na kulipeleka kwa bodaboda pamoja na jeki yake. Gogo hubaki na ufa katikati hadi abiria wafike Sirari. Mvua ikiichimba barabara, hatupasui chochote wiki nzima.

Wateja wameshaujua utaratibu. Juzi mzee mmoja alikuja kuagiza mbao za kupaulia. Hakuuliza bei. Alipitia kwanza kwenye mchomoko uliokuwa umeegeshwa, akainama, akabonyeza tairi mojamoja kwa kidole gumba, kisha akaja.

"Mura, nipasulie leo hii hii. Lile la nyuma kushoto halifiki Ijumaa."