Shangazi Sumaku Ajibu: Chuma Kizito, Mfuko Mwepesi

Barua za juma hili zimefika na kutu juu ya bahasha. Nimezisoma nimevaa glavu. Nazijibu bila glavu.

Shangazi, nimeacha kazi ya mjengo nikaingia kwenye vyuma vikuukuu. Kwa siku tatu nimeokota kilo 60, nikazisukuma kwa mkokoteni kutoka Bamburi hadi Changamwe, nikalipwa shilingi 1,800 taslimu. Mkokoteni nakodi 200 kwa siku, chakula 250. Marafiki wanasema nimeshatoka. Niendelee?
*Msukuma, Bamburi*

Mwanangu, toa mkokoteni wa siku tatu, 600. Toa chakula, 750. Umebaki na 450, yaani 150 kwa siku, na mgongo wako bado hatujaulipa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wewe kibaba chenyewe umekikodi. Kijana anayeuza maji baridi kwenye foleni ya feri pale Likoni anakucheka.

Sikwambii uache kazi. Nakwambia uache kupenda uzito. Vunja spika mbovu, toa sumaku yake, itie mfukoni. Kinachonasa ni chuma cha kawaida, nacho ndicho cha bei ya chini. Kisichonasa kitazame rangi: chekundu ni shaba, cha manjano ni brasi, cheupe na chepesi ni alumini. Sinki za stenlesi nazo nyingi hazinasi, ziweke kando. Kilo moja ya shaba hulipa kuliko kilo kumi za chuma, na waweza kuibeba kwa mfuko wa sokoni.

Kisha chambua nyumbani, si mbele ya mizani. Chukua mfereji mbovu: mwili wake ni brasi, skrubu ya mpini ni chuma. Ukiupeleka hivyo hivyo, mnunuzi ataugusisha sumaku, atakunja uso, atautupa kwenye rundo la chuma na kukulipa bei ya chuma. Ukishakata kona, atachukua bisibisi. Dakika hiyo moja ya bisibisi ndiyo faida ya biashara hii, nawe umekuwa ukimwachia.

Shangazi, mume wangu amejaza ua: friji tatu, injini ya matatu, vitanda visivyo na miguu. Anangoja bei ipande. Anasema chuma hakiozi. Mimi naanika nguo wapi?
*Nimechoka, Kisauni*

Bibiye, chuma huoza, na kwa upepo wetu huu wa bahari huoza upesi. Kutu ikimomonyoka inabaki uani kwako, haipandi mizani. Tena bei anayoingoja haipangwi Kisauni. Hupangwa na viwanda vinavyoyeyusha chuma kuwa nondo, navyo vinatazama soko la dunia. Mwenye ghala atangoja. Mwenye ua wa kuanikia atauza.

Mpe ushauri huu: shaba na alumini aziweke, hazichukui nafasi. Chuma kiondoke Jumamosi hii, kabla mvua haijajaza friji na mbu hawajapata hoteli. Akigoma, mtoze kodi ya ua. Mume akiona kodi imepita bei ya injini, ataita pikapu mwenyewe.

Shangazi, rafiki ananiletea waya wa shaba, mnene, usiku, kwa bei ya kutupa. Anasema ameuokota. Nataka kuchoma plastiki yake niuze. Ana betri za gari pia. Nitajirike?
*Mwenye Bahati, Mikindani*

Wewe, bahati yako ina namba ya kesi. Januari 2022 minara ya umeme iliyoharibiwa ilianguka, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akaipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu hadi Mei. Waokotaji waaminifu walilala njaa kwa sababu ya watu wanaookota usiku. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Anayenunua bila kuuliza mali imetoka wapi anajinunulia kesi.

Kuhusu kuchoma: moshi wa plastiki ni sumu, na shaba iliyoungua hushuka bei. Waya halali huchunwa kwa kisu. Na betri usizipasue. Hapo karibu nawe, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha watu kwa madini ya risasi, watoto wakiwemo, mpaka kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyepigania haki yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015. Betri iuze nzima.

Shangazi, mwanangu wa miaka tisa ameuza sufuria ya nyanya yake kwa kilo. Ilikuwa mpya. Nifanyeje?
*Mama Asiyelala, Likoni*

Kimbia, bibiye. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na mafundi wetu wa kusubu hawachelewi. Ukimpata mnunuzi, mlipe kilo zake na pesa ya soda juu. Ukichelewa, utaikuta dukani ikiwa sufuria tena, na hapo hawapimi kilo. Tofauti kati ya bei hizo mbili mwandikie mtoto kwenye daftari lake la hesabu: ameuza kwa mizani kitu kinachonunuliwa kwa jina.