Nilisoma Kurasa Elfu, Wifi Akaangalia Muvi

Mwaka 2011 George R. R. Martin alitoa A Dance with Dragons, kitabu cha 5 katika mfululizo wake, kizito kiasi cha kuzuilia mlango. Nilikisoma chote, kurasa elfu moja na ushee, hadi pale Jon Snow anapochomwa visu na watu wake mwenyewe. Nikapekua kurasa zilizobaki nijue kama amekufa. Zinasimulia habari za watu wengine kabisa, kisha inafuata orodha ndefu ya koo na ndugu zao.

Wifi yangu hasomi. Yeye hujaziwa sizoni kwenye flashi na kijana wa kibanda cha muvi. Mwaka 2015 Game of Thrones, tamthilia iliyotokana na vitabu hivyo, ilipofikia visu vile vile, aliingia kwangu macho mekundu, hata hodi hakupiga.

"Wifi, wewe si ulisoma? Anafufuka?"

"Kitabu kimeishia hapo hapo."

"Kurasa zote zile?"

"Zote."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unajua nini?"

Watu wa runinga wakikukatia utamu, angalau wanajua lazima warudi. Wale wa tamthilia ya Dallas walimpiga risasi mhusika wao J.R. Machi 1980, waigizaji wakagoma, kazi ikachelewa, lakini Novemba mwaka huo huo aliyefyatua alishajulikana. Wana matangazo ya kuuza na waigizaji wa kulipa. Tena mtoto wa kwenye tamthilia ukimwacha asubiri mpaka mwandishi apate maono, atarudi ana ndevu. Wahusika wa kitabuni hawazeeki wala hawadai posho, kwa hiyo mwenyewe hana haraka.

Basi Mei 2016 Jon Snow akafufuka, na mimi msomaji nikaipata habari hiyo kwa wifi, kupitia dirisha la jikoni, kabla hata ya salamu. Kitabu cha 6 nilikuwa bado nakisubiri. Kusimuliwa yajayo na mtu ambaye hajawahi kukifungua kitabu chenyewe ni fedheha ya aina yake.

Ila 2019, sizoni ya 8 ilipokwisha, wifi alinuna wiki nzima. Hakuwa peke yake: zaidi ya watu milioni moja walitia saini mtandaoni wakitaka itengenezwe upya. Akaja kwangu kulalamika, utadhani mimi ndiye niliyeiandika.

"Bora wewe," akasema, huku akijimiminia chai yangu. "Chako bado hakijaharibika."