Mwongozo wa King'ora kwa Mwenye Pikipiki Asiyetaka Majirani Walale

Hongera kwa pikipiki mpya. Kabla hujaipeleka kijiweni, ifungie mfumo wa ulinzi: kiboksi cheusi, king'ora na rimoti mbili zinazofanana. Kariakoo vipo tele. Usiulize kinakula umeme kiasi gani, wala rimoti inatumia betri ya namba ngapi. Ulizia sauti tu. Mwambie muuzaji akilize palepale dukani. Wateja wa duka la jirani wakishika vifua, toa hela.

Kazi ya kufunga mpe fundi mwenye haraka. Fundi makini angeweka fyuzi, angeunga waya kwa risasi na kuupitisha mbali na injini, na wewe ungepoteza abiria wawili watatu ukimsubiri. Huyu wako atavua ganda la waya kwa meno, atasokota, atazungushia soleteipu. "Tayari, kaka." King'ora kitakaa nyuma ya kava la pembeni, palepale kilipo kwenye pikipiki nyingine zote za kijiwe, ili mwizi asihangaike kutafuta.

Rimoti ya pili ni ya akiba. Kwa hiyo ining'inize kwenye pete ileile yenye ufunguo na rimoti ya kwanza, isije ikapotea. Siku pete ikitumbukia chooni, vitakwenda vyote kwa pamoja. Na siku abiria wa usiku atakapokuelekeza kwenye uchochoro usio na taa akakuamuru ushuke, hutamkabidhi ufunguo mtupu. Atapata na dhamana yake.

Sasa sensa. Hiyo ndiyo inayohisi mtikisiko, na vifaa vingi vina namna ya kuipunguza au kuiongeza ukali. Iongeze mpaka mwisho. Isisimke paka akipita, lori la mchanga likipita, radi ikipiga, na muuza maji akiegemea siti kuhesabu chenji. Kama unailaza pikipiki sebuleni, kama wafanyavyo wengi, washa king'ora hata humo. Saa tisa usiku mtoto akienda kunywa maji, nyumba nzima itajua amekunywa.

Majirani watalalamika mwanzoni tu. Wakishazoea, ndipo mfumo wako umekomaa: king'ora kikilia, mtaa mzima unajigeuza upande wa pili na kusema, "Paka huyo." Wewe mwenyewe utabonyeza rimoti dirishani bila kufumbua macho. Mwizi anayeijua kazi yake hahitaji koleo. Anapiga teke tairi la nyuma, anajibanza kwenye kona ya ukuta. Kinalia, unazima. Anapiga tena. Unatoka na tochi, unazunguka, unamtukana paka wa watu. Kikilia mara ya nne unazima mfumo wote ili watoto walale, naye anaisukuma pikipiki taratibu mpaka barabarani, ambako kirikuu inamsubiri. Asubuhi utawaambia polisi kwamba ulikuwa na king'ora, na majirani wote watakuwa mashahidi wako.

Rimoti za bei ya chini zina sifa moja ya kupendeza: kila ukibonyeza hutuma namba ileile, leo, kesho na mwakani. Zile za bei juu hubadilisha namba kila mara, jambo linalowapa tabu wanaonakili rimoti. Usiwape tabu vijana wa watu.

Ifungue rimoti yako sasa uone kilichomo. Mara nyingi utakuta moja kati ya betri mbili. Ya kwanza ni bapa, CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake tu, milimita 20 upana na milimita 3.2 unene, na hutoa volti 3. Ya pili ni 23A, fupi kuliko kidole. Tumboni mwake mmepangwa vibetri 8 vya volti 1.5, jumla volti 12. Volti zilezile za betri ya pikipiki! Tangaza hilo kijiweni. Usimwambie mtu kwamba umeme unaohifadhiwa humo ni kama sehemu moja ya mia ya ule wa betri ya ampia 5, maana utaharibu stori.

Betri ya rimoti ikichoka huaga kwa adabu. Juzi ulizima ukiwa ng'ambo ya barabara, leo mpaka uguse siti, na kataa kekundu kanafifia. Usiibadilishe. Bonyeza kwa nguvu zaidi. Ikigoma, igonge gotini. Ikizidi kugoma, itoe uianike juani, kama wazee walivyoanika betri za redio juu ya bati ili wasikose mpira. Ukilazimika kununua, omba 23A kisha pokea 27A bila kuitazama. Urefu ni karibu sawa, ila ni nyembamba kwa milimita 2 hivi. Jazia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, na kila tuta litakukumbusha.

Mzaha ukae pembeni kidogo. Betri bapa, hata iliyokwisha, usimpe mtoto achezee wala usiiache mezani. Akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu. Mtoto huyo hukimbizwa hospitali. Hasubiriwi aitoe kwa haja kubwa.

Tuendelee kuharibu pikipiki. Watu hudhani king'ora kilichonyamaza kimelala. Kiko macho usiku na mchana kikiisikilizia rimoti, na kusikiliza kunakula umeme. Tuseme kinakula miliampia 10. Kwa saa 24 ni 240, maana yake betri ya ampia 5, mpya na iliyojaa, itakauka kwa siku 20 hivi, na stata itakuwa imegoma mapema zaidi. Saidia kazi hiyo. Kama pikipiki ni ya mkataba, huenda bosi ameshafunga GPS yake ili akuone ulipo. Wewe ongeza taa za rangi chini ya siti, chaja ya simu na spika ya kuchezea singeli. Kisha nenda kijijini mwezi mzima, uiache na king'ora kikiwa kimewashwa. Betri ya asidi ikikaa tupu hujenga salfa kwenye sahani zake, na hata ukiichaji hairudi ilivyokuwa. Utarudi, utabonyeza rimoti, kimya. Hapo ulinzi umekamilika, maana hata wewe huwezi kuiwasha.

Fundi ana mita ambayo ingekuonya mapema. Asubuhi, kabla hujawasha, volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Ikisoma 12 kamili imebakiwa na kidogo sana. Usimsumbue fundi kwa mambo ya nukta.

Kuhusu kuwasha kwa rimoti kutoka mbali, hilo ni la kuwaonyesha wenzako, nalo lina sharti moja tu: iwe umeiacha kwenye gia. Itaruka mbele yenyewe na kijiwe chote kitasimama.

Kama ina kiki, ing'oe. Inaharibu umbo, na watu wakikuona unapiga kiki watadhani huna rimoti.

Mwisho, utakutana na mzee wa spea atakayejaribu kukuuzia mnyororo mnene na kufuli la kupitisha kwenye rimu mpaka nguzo. Mkatalie kwa heshima. Mnyororo hauna betri, haulii usiku, na hakuna jirani hata mmoja atakayejua kama unao.