Pongezi kwa Mwongozo Uliovalishwa Plastiki

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali yetu ya Rufaa.

YAH: PONGEZI KWA KUUTUNZA MWONGOZO WA KIHARUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mganga Mfawidhi, mwongozo wa kutibu kiharusi uliobandikwa ukutani pale mapokezi ni safi mno. Umevalishwa plastiki, haujakunjika pembe, hauna hata alama ya kidole. Nilipata wasaa wa kuusoma wote, huku shangazi yangu amelala kwenye machela pembeni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki.

Unasema mgonjwa apigwe picha ya ubongo mara anapofika. Wamarekani, watu wa haraka, wanalenga dakika 20 tangu mlangoni, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka ijulikane kwamba mshipa haujapasuka. Sisi hatuna pupa. Shangazi aliangusha kikombe saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa moja na nusu tulikuwa kwenu. Tukafungua faili, tukasubiri namba ya malipo, mtandao ukakata, ukarudi, kisha bima ikatakiwa kuhakikiwa na mtu aliyekuwa kikaoni. Picha ilipigwa saa nane mchana. Mshipa ulikuwa umeziba. Daktari wa zamu, kijana mpole, alitueleza kwa masikitiko kwamba tumechelewa kuja.

Dawa yenyewe ni ghali, na huenda isingekuwepo stoo hata kama foleni ingekwenda mbio. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini orodha ya Geneva haijazi shelfu la mtu. Kwa hilo sikulaumu. Kinachonistaajabisha ni bidii yenu ya kuyaacha hata yale yasiyo na gharama.

Kumeza, kwa mfano. Mwongozo wenu unataka mgonjwa asipewe chakula, maji wala kidonge kabla hajapimwa kumeza: akalishwe wima, apewe maji kwa kijiko, asikilizwe kama anakohoa au sauti inageuka ya majimaji. Jioni, wodini, sista akatuuliza, "Mmemletea uji?" Ulikuwepo, kwenye chupa. "Basi mnywesheni, asije akaishiwa nguvu." Tukamnywesha akiwa amelala chali, tukampangusa kila alipopaliwa, tukamshukuru Mungu kwamba anakula. Siku mbili tatu baadaye homa ikapanda. Kwenye faili waliandika nimonia, uji haukutajwa.

Na presha ilisoma 190 kwa 100. Ikashushwa chapuchapu kwa dawa ya chini ya ulimi, ilhali kwa mshipa ulioziba, na mgonjwa asiyepewa ile dawa ya kuyeyusha, miongozo kwa kawaida huiacha presha hadi ipite 220 kwa 120, kwa kuwa ubongo ulionyimwa damu unaitegemea. Mstari huo upo pale ukutani. Ni wa nne kutoka juu.

Wapo waliojaribu kuyafuata haya madogo. Huko New South Wales, Australia, katika utafiti wa wodi 19 za kiharusi, manesi wa baadhi ya wodi walifundishwa kushika mambo matatu kwa siku tatu za mwanzo: homa, sukari na kumeza. Matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi kwenye wodi hizo walikuwa asilimia 42. Kwenye wodi nyingine, asilimia 58. Hapakuwa na mtambo mpya.

Utanijibu kwamba manesi ni wachache. Kweli, usiku ule sista alikuwa peke yake na wodi nzima, na hakukaa chini. Ila karatasi iko mapokezi, yeye yuko ghorofa ya pili, na nilipomuuliza kuhusu kupima kumeza akaniuliza nimesomea wapi udaktari.

Naomba basi karatasi hiyo ipandishwe ghorofani na ivuliwe plastiki. Ikichafuka, nitagharamia nakala nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpwa wa mgonjwa, kitanda cha dirishani.

Kiambatanisho: kijiko cha chai (1), pamoja na risiti yake, mhasibu asije akauliza.