Kona ya Utajiri

Buddha, kwa masimulizi, aliacha jumba la kifalme, mke na mtoto mchanga ili atafute mwisho wa mateso. Waliomfuata Lin Yun huko California walitaka kujua tu kitanda kielekee wapi. Mwalimu huyo wa Kibudha, mzaliwa wa Beijing aliyefariki 2010, ndiye aliyewarahisishia Wamarekani feng shui, ile sanaa ya Kichina ya kupanga nyumba ili kuvuta bahati: dira ya Kichina ikawekwa kando, kipimo kikawa mlango. Simama mlangoni utazame ndani; kona ya mbali kushoto ndiyo ya utajiri. Imeangukia chooni? Funika choo, riziki isije ikaenda na maji. (Bili ya maji ni somo jingine.)

Siri hizo hazitolewi kwa mikono mitupu. Mwanafunzi hutanguliza bahasha nyekundu, pengine tisa, kila moja na chochote ndani, eti kumkinga mwalimu anayetoa siri. Kinga gani hiyo inayohesabika baadaye!

Halafu, somo likiisha, fungua kipindi cha maswali. Nirvana, kule kuzimika kwa tamaa, haina mteja. Mkono wa kwanza juu ni wa mpangaji: kona ya utajiri ya chumba chake, je, faida inaingia kwake au kwa mwenye nyumba?